Uzoefu wangu na albamu tatu za Ondara, Mkenya mwenye gitaa kule Minneapolis

Wengi wetu tuliokulia Kenya tuliujua muziki wa kantri kwa sauti za Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams, na mapenzi hayo yana mizizi mirefu kuliko tunavyodhani, kwa maana mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha, ambaye ndiye Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna kijana wa Nairobi anayetunga na kuimba nyimbo za namna hiyo huko Marekani, nilitarajia sauti nzito na tulivu ya kusindikiza chai ya Jumapili. Atakayemsikiliza J.S. Ondara ayaweke kando matarajio hayo. Sauti yake ni nyembamba, hupanda juu sana, mara nyingine hutetemeka hadi mtu asijue kama mwimbaji ni mwanamume au mwanamke, na hubaki huko juu kwa muda mrefu pasipo ala nyingi za kuibeba.

Historia yake inafaa kujulikana kabla ya kusikiliza, kwa kuwa ndiyo kiini cha nyimbo zenyewe. Alizaliwa mwaka 1992, akakua akisikiliza muziki wa roki redioni bila kumiliki ala yoyote. Siku moja alibishana na mwenzake akishikilia kwamba wimbo fulani ni wa bendi ya roki ya Guns N' Roses, akashindwa dau alipoonyeshwa kwamba mtunzi ni Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, na kushindwa huko kukamfikisha kwenye muziki wa Dylan. Mwaka 2013, baada ya kushinda bahati nasibu ya kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani, alihamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota alikozaliwa Dylan, akakaa kwa shangazi yake na kuanza kujifunza gitaa akiwa mtu mzima. Jambo hilo linasikika. Mtu aliyezoea vidole vya Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye gitaa lake moja lilitosha kuonekana kama mawili, atauona upigaji wa Ondara kuwa wa kawaida kabisa. Mimi sikukerwa nao, kwa sababu gitaa hapa limepewa kazi ya kushikilia maneno tu, na kazi hiyo linaifanya vizuri.

Albamu ya kwanza, Tales of America, ilitoka Februari 2019 ikiwa na nyimbo 11, chini ya utayarishaji wa Mike Viola, na ndiyo iliyompatia uteuzi wa tuzo ya Grammy katika kundi la albamu bora ya Americana, yaani muziki wa Marekani wenye mizizi ya kantri na nyimbo za kiasili. Hii ndiyo ninayoirudia zaidi. Inaanza na American Dream na kumalizika na God Bless America, na majina hayo mawili yanaweza kumdanganya msikilizaji adhani kwamba kijana amekwenda kuwaimbia wenyeji sifa. Sivyo ilivyo. Katika wimbo wa mwisho anaiuliza Marekani, kwa adabu ya mgeni aliyesimama nje akibisha hodi, kama itamkaribisha au imekwisha kujaa. Swali hilo halijibiwi. Nimeusikiliza wimbo huo pamoja na ndugu zangu wanaoishi ughaibuni, na hakuna aliyehitaji kuelezwa unahusu nini.

Saying Goodbye nao unastahili kutajwa peke yake. Ni wimbo wa kuagana, na hapo ndipo sauti yake hufika mahali ambapo sikuamini kwamba itarudi salama. Nilipousikiliza mara ya kwanza kwenye spika ya simu nilidhani kuna kasoro katika kurekodi. Nilipovaa vipokea sauti vya masikioni nikagundua kwamba ule mkwaruzo ni pumzi yake mwenyewe, iliyoachwa makusudi isisafishwe. Days of Insanity ni wa mzaha mchungu, ambamo dubu anasubiri ndege uwanjani na mambo mengine ya kichaa yanaelezwa kana kwamba ni habari ya saa mbili usiku. Nyimbo za mapenzi zilizomo, kama Torch Song na Television Girl, ni nzuri lakini hazinigusi kwa kiwango hicho, na katikati ya albamu mwendo hulegea kiasi kwamba msikilizaji asiye makini anaweza kuhisi anasikia wimbo mmoja uliorefushwa.

Ningependa pia kumtahadharisha msikilizaji kuhusu mazingira. Huu si muziki wa kuweka jikoni wakati vyombo vinaoshwa, wala wa ndani ya matatu. Ngoma ni chache, fidla huingia taratibu, na uzito wote umo katika maneno ya Kiingereza cha kishairi ambacho hata mtu aliyesoma sana atalazimika kukirudia. Mimi nilifaidika zaidi nilipopakua albamu nzima kwa bando la usiku na kuisikiliza kwa mpangilio wake, huku maneno yakionekana kwenye skrini.

Albamu ya pili, Folk n' Roll Vol. 1: Tales of Isolation, ilitolewa Mei 2020 wakati wa korona, baada ya kutungwa na kurekodiwa kwa muda mfupi mno. Inazungumzia watu waliopoteza kazi, kodi ya nyumba isiyolipika na wapenzi waliotenganishwa na karantini. Ina ukweli wa wakati wake, na haraka yake inasikika. Niliisikiliza, nikaitikia kwa kichwa, na sijaona sababu kubwa ya kuirudia.

Ya tatu, Spanish Villager No. 3 ya Septemba 2022, ndiyo iliyonisumbua katika kutoa hukumu. Hapa anajiita Ondara tu, na anaimba kupitia mhusika wa kubuni anayemwita Mwanakijiji wa Kihispania. Ameshirikiana na Taylor Goldsmith wa bendi ya Dawes pamoja na Mike Viola katika utayarishaji, na mara hii kuna bendi kamili yenye ngoma na magitaa ya umeme. Rafiki yangu ambaye hakuweza kumaliza albamu ya kwanza aliipenda hii mara moja, na ninamwelewa, kwa kuwa inachangamka na inafaa hata safarini. Kwangu mimi, hata hivyo, ngoma zinaijaza ile nafasi tupu ambamo sauti yake ilikuwa ikining'inia, na yule mhusika wa kubuni ananiweka mbali na mtu niliyekwisha kumzoea. An Alien in Minneapolis ndio wimbo unaoniziba mdomo: ni mgeni yuleyule wa God Bless America, ameishi mjini kwa miaka, sasa anajua mitaa kwa majina na bado hajioni mwenyeji.

Wapo wanaolalamika kwamba hakuna ubeti wa Kiswahili katika Tales of America, na kwamba Mkenya anayejivunia kwake asingeacha jambo hilo. Siungani nao. Msimuliaji wa nyimbo hizi anazungumza na Wamarekani, anawauliza maswali uso kwa uso, na Kiswahili kingewaacha wale anaowauliza wasijue kwamba wameulizwa. Ninachokubaliana nao ni kwamba siku akiamua kutunga kwa Kiswahili, kwa sauti ile na gitaa lile peke yake, nitakuwa mmoja wa wanunuzi wa kwanza.

Kwa anayetaka kujaribu bila kupoteza bando, ninashauri aanze na Saying Goodbye, kisha God Bless America. Zikimgusa, anunue Tales of America yote, na akipata santuri yake ni bora zaidi kwa mwenye mashine ya kuichezea. Zikimchosha, aende moja kwa moja kwenye albamu ya tatu. Ile ya pili anaweza kuiacha mpaka atakapokuwa amempenda mwimbaji mwenyewe.