Matangi mawili, watoto sita: maoni yangu juu ya mashine ya kufulia ya kusimamiwa

Watu wakisikia nyumba ina watoto sita huuliza habari za shule na chakula. Kinachomaliza mgongo ni nguo. Sare, shuka, taulo, soksi zilizopoteza wenzake, nepi za kitinda mimba, na nguo za bibi yao ambaye hataki zichanganywe na za mtu yeyote. Ukituhesabu na sisi wazazi tuko tisa, na fungu la nguo la watu tisa haliishi, linapungua tu kisha linajaa tena. Ndiyo maana nimeona niandike kuhusu mashine tunayotumia: ile ya matangi mawili, ya nusu otomatiki, ambayo siku hizi wauzaji huiweka nyuma kabisa ya duka.

Kampuni sitaitaja. Mashine za namna hii zinafanana mno ndani, na ninachokipima hapa ni aina yenyewe, si jina lililobandikwa mbele.

Kwa asiyeijua, ni sanduku la plastiki lenye vyumba viwili. Kimoja cha kufulia: chini yake kuna kisahani kinachozunguka kulia, kinatulia kidogo, kinazunguka kushoto, na maji yanavuruga nguo. Cha pili cha kukamulia: pipa jembamba lenye matundu linalozunguka kwa kasi, nyingi huwa mara 1,300 hivi kwa dakika, na maji yanafyatuka kutoka kwenye nguo. Juu kuna swichi za kuzungusha. Ya kufulia kwa kawaida mwisho wake ni dakika 15, ya kukamulia mwisho wake ni dakika 5, na nyingine ni ya kuchagua kama unafua au unamwaga maji. Basi. Maji unajaza mwenyewe, unamwaga mwenyewe, na nguo unazihamisha kwa mkono kutoka tangi hili kwenda lile.

Hapo ndipo watu hukunja uso. "Sasa mashine gani hiyo ya kusimamiwa?" wifi yangu aliniuliza alipoiona mara ya kwanza. Ana haki ya kuuliza. Anashinda kazini, ana watoto wawili, na otomatiki yake inafua yeye akiwa hayupo. Kwake inafaa kabisa na sitamshauri aibadilishe. Mimi nashinda nyumbani, na kufua kwetu ni kazi ya Jumamosi asubuhi yenye watu wake.

Jambo ambalo wifi hakulitegemea ni muda. Otomatiki za mlango wa mbele, ukiziweka kwenye programu ya kuokoa umeme, huweza kuchukua saa tatu na zaidi kwa fungu moja, kwa sababu zinapunguza joto la maji na kufidia kwa kuloweka na kugeuzageuza muda mrefu. Kwa fungu moja la wiki hakuna neno. Kwa mafungu matano yanayofuatana, hiyo ni kutwa nzima na kipande cha usiku. Kwenye matangi mawili, fungu la kwanza linafuliwa dakika kumi, linahamia kukamuliwa, na la pili linaingia papo hapo nyuma yake. Vyumba vyote viwili vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kabla ya saa sita mchana nguo za watu tisa ziko kambani na mashine imefunguliwa vifuniko ikauke. Sisi ni watu tulioamua kupunguza mbio, tukawaondoa watoto kwenye nusu ya ratiba zao za Jumamosi, na mashine iliyotufaa ni hii ya kizamani, maana inatubana asubuhi kisha inatuachia mchana wote.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoitumia vibaya. Ukijaza tangi, ukafua fungu moja, ukamwaga, ukajaza tena, basi utatumia maji mengi kuliko otomatiki ya mlango wa mbele, na lawama haitakuwa ya mashine. Faida yake ni kwamba maji ya sabuni yanabaki tangini mpaka useme yatoke. Kwa hiyo tunapanga foleni. Zinaanza nyeupe na zile zisizo na uchafu wa maana: mashati ya shule, foronya, shuka. Zinafuata za rangi nyepesi. Baada yake za rangi nzito na jinsi. Mkiani kabisa vitambaa vya jikoni na vile vya kupangusia sakafu, na hapo maji yameshakuwa ya kijivu na yamefanya kazi yake mpaka tone la mwisho. Nepi haziingii kwenye foleni hii. Zina maji yao na zamu yao.

Lingine ambalo mwongozo ndani ya boksi haukusema: kamua kwanza, ndipo usuuze. Nguo iliyotoka tangini inakuja na maji ya sabuni kibao. Ukiitia moja kwa moja kwenye maji safi, unahamisha povu tu. Ukiizungusha dakika moja kwenye pipa, sabuni nyingi inatoka, na suuzo moja inafanya kazi ya mbili. Na hiyo sabuni yenyewe, punguza. Povu likiwa jingi nguo zinaelea badala ya kusuguana, na unashinda unasuuza. Sisi tunatia karibu nusu ya kile kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha tunaongeza kidogo kila fungu jipya linapoingia. Madoa ya maziwa na damu, nayo kwenye nyumba ya watoto hayakosekani, tunayaloweka kwanza kwenye maji baridi, kwa sababu joto linaishikiza protini kwenye uzi na doa likishashikwa hivyo utalizeesha pamoja na nguo.

Kila mtu ana kituo chake. Mapacha wana miaka tisa, wao ni wa mifuko na soksi. Hakuna kinachoingia majini kabla ya mapacha kupekua mifuko, na wanachokipata, kama si hela, ni chao. Wanapata penseli zilizovunjika, kokoto, vizibo, na karatasi laini za kufutia pua, ambazo zikiponyoka mara moja huzivika nyeupenyeupe nguo zote za ukoo. Wa tatu anasuuza. Wa pili anapeleka beseni kambani na kubana. Kifungua mimba, ambaye ametimiza kumi na sita na ana maoni juu ya kila kitu, ndiye pekee mwenye ruhusa ya kugusa pipa la kukamulia. Baba yao anabeba maji na kunyanyua mabeseni. Mimi nasimamia foleni, na kusema kweli sehemu kubwa ya kusimamia ni kusema "bado hiyo, bado."

Hans Rosling, yule daktari wa Sweden aliyejua kuzisemesha takwimu, alisimulia katika hotuba yake ya 2010 jinsi bibi yake alivyoagiza kiti, akakaa mbele ya mashine ya kwanza ya familia na kuitazama mpaka programu ikaisha. Alisema pia kwamba muda uliookolewa na mashine ile ndio mama yake aliotumia kumpeleka maktaba. Bibi wa kwetu naye ana kiti chake, ila yeye haangalii mashine, anaangalia watu. "Nguo haisuuzwi kwa macho, mjukuu wangu," utamsikia, na wa tatu anaitumbukiza tena bila kubisha. Na vya kukunja vyote hupitia mikononi mwake, kwa kuwa hakuna anayekunja shuka kwa namna inayomridhisha.

Niende kwenye pipa la kukamulia, maana huko ndiko mashine hii inakotaka ujuzi. Nguo zikirundikwa upande mmoja, pipa linayumba, na mashine nzima inapiga kama mtu anayebisha mlango akiwa na hasira. Kifungua mimba amejifunza kuzipanga: nzito zinatangulia chini, zinazungushwa ukutani mwa pipa zilingane pande zote, katikati panabaki uwazi, kisha kile kisahani chembamba cha plastiki kinakandamizwa juu mpaka kinase. Anafunga vifuniko, anazungusha swichi, halafu anainamisha kichwa na kusikiliza. Sekunde za mwanzo kuna mtikisiko, kisha sauti inapanda, inanyooka na kuwa mvumo mmoja. Ikikataa kunyooka, anazima bila kungoja, anapanga upya. Kinachotoka mle ni shati linalokauka haraka hata siku ya mawingu, na mikono yetu hatuijui tena ile kazi ya kusokota shuka watu wawili, mmoja huku mwingine kule.

Kasoro zipo, na nyingine si ndogo.

Ya kwanza ni kilo. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya mashine ni ya tangi la kufulia, na ni kilo za nguo kavu. Pipa la kukamulia hubeba pungufu ya hapo, wakati mwingine kwa tofauti kubwa, na namba yake utaikuta kwa maandishi madogo nyuma au kwenye mwongozo. Maana yake, fungu moja lililofuliwa linakamuliwa kwa awamu mbili. Blanketi nene hata usijaribu. Litafulika, halitaingia kwenye pipa.

Ya pili, nguo zinasokotana. Kisahani kile kinazungusha, na mikono mirefu ya mashati, kamba za suruali na vifungo vya aproni vinajifunga fundo moja ambalo mapacha huliita nyoka. Mfuko wa wavu unasaidia. Sweta za sufu sizitii kabisa, tunazifua kwa mkono, kwa sababu maji yanayovurugwa namna ile huzifanya zigande na kusinyaa, na sweta ya mkubwa ikawa ya mdogo kabla ya wakati.

Ya tatu, yetu haina kipasha maji, na ndivyo zilivyo nyingi za aina hii. Kwenye bili ya umeme hiyo ni nafuu, kwani katika mashine zinazopasha maji sehemu kubwa ya umeme huenda kwenye joto, si kwenye kuzungusha. Lakini mwenye mtoto wa nepi au mgonjwa ndani ya nyumba anahitaji maji ya moto, na itabidi uyachemshe pembeni, uyapoze kwa maji baridi ndipo utie. Yanayochemka plastiki haiyapendi.

Na usalama. Hapa sina mzaha. Pipa la kukamulia linapaswa kukata umeme na kujifunga breki kifuniko kikifunguliwa, ila breki ile inavutwa na waya, na waya hulegea. Likichukua muda mrefu kusimama baada ya kufungua kifuniko, usikamulie tena mpaka fundi aje. Mkono hauingii mpaka pipa limesimama kabisa, na kwetu aliyevunja sheria hiyo anaondolewa kwenye mashine, awe mtoto awe mtu mzima. Tangi lenye maji haliachwi bila mtu, wala beseni, kwa kuwa mtoto mdogo huzama kwenye maji machache kuliko unavyodhani. Na kwa sababu sakafu lazima italowa, waya wa umeme unapita juu, plagi inachomekwa na mkono mkavu, na inachomolewa kabla ya mtu kuanza kupangusa.

Upande wa kuharibika, sina manung'uniko makubwa. Mkanda unaozungusha kisahani ulilegea, kisahani kikawa kinavuma bila kugeuka. Fundi aliufungua mgongo wa mashine kwa bisibisi, akaubadilisha, akafunga. Swichi ya muda ya kukamulia imepasuka mdomo na sasa inazungushwa na anayejua pa kuishika. Kale kamfuko ka kunasia nyuzi kametoboka. Vitu vyenyewe ni mota mbili, mkanda, breki na saa za kuzungusha, hakuna bodi ya kielektroniki ya kuungua ikaondoka na mashine nzima.

Kwa anayekwenda dukani: fungua kifuniko cha pipa ulishike na kulitikisa, lisiwe na mchezo mwingi. Uliza kilo za kukamulia kando na kilo za kufulia. Tazama mpira wa kutolea maji kama unafika pale utakapomwagia, kwa sababu maji hutoka kwa kuteremka tu na hayatapanda hata kizingiti. Hakikisha chini ina magurudumu au angalau watu wawili wanaweza kuibeba. Kama nyumba yako haina mtu asubuhi, achana nayo, nenda kwenye otomatiki.

Nikinunua nyingine itakuwa ya aina hiihii, ila safari hii nitatafuta yenye pipa la kukamulia kubwa zaidi, hata kama tangi la kufulia litabaki na ukubwa uleule, kwani foleni yote ya nyumba hii inajikusanya pale.