Kapeti la mpira, beleshi la theluji au glavu: kipi kimvushe kobe mng'ataji?

Kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzoni mwa Julai, kwenye barabara zinazopita kando ya mabwawa na vinamasi vya Ontario nchini Kanada, na Maine, Minnesota na New York za Marekani, kobe mng'ataji (kwa Kiingereza snapping turtle) jike hutoka majini kutafuta mchanga au kokoto za kutagia. Mara nyingi huzipata pale pale ukingoni mwa lami. Dereva anayezungumza Kiswahili huko, aliyezoea kobe wa nyumbani anayejikunyata ndani ya gamba ukimgusa, hushtuka akimwona huyu anainua kiwiliwili na kurusha kichwa kama mshale. Sababu iko tumboni. Gamba lake la chini ni dogo, lina umbo la msalaba, na halimfuniki. Akiwa nchi kavu hana pa kujificha, basi anapigana. Majini mambo ni tofauti: akimhisi mtu, huzama akaenda zake, wala hakuna kifaa cha kununua kwa ajili hiyo.

Kuna kipimo kimoja kinachoamua thamani ya kila kifaa hapa chini, nacho ni shingo. Shingo ya kobe huyu ni ndefu na inageuka nyuma. Mdomo unaweza kufika karibu katikati ya gamba la mgongo na zaidi, kwa pande zote mbili. Sehemu salama kwa mkono wa mtu ni ya nyuma kabisa, jirani na mkia. Kobe mkubwa ana kilo 5 hadi 16, kwa hiyo kifaa kiwe kinavumilia uzito huo bila kukupeleka mbele ya kichwa.

Cha kwanza kwa ubora ni kapeti la mpira la gari, lile la mbele upande wa abiria. Wengi wanalo tayari. Upana wake wa takriban sentimita 45 unatosha kobe mzima, na ni jepesi kulivuta. Chagua lenye mgongo laini. Makapeti ya kitambaa huwa na vijino vya mpira chini yake ili yasiteleze ndani ya gari, na vijino hivyo hivyo hukwama kwenye lami. Juu nako, kucha za kobe hunasa kwenye nyuzi. Yale ya mpira mgumu yenye kingo zilizoinuka yanafaa, ila ukingo wa upande wa kobe lazima uukanyage ulale chini, la sivyo atakwaruzwa tumbo anapopandishwa.

Utaratibu wenyewe: egesha nje ya lami kabisa, washa taa za dharura, ngoja magari yapite. Mwendee kobe kutoka nyuma. Tandaza kapeti nyuma yake hadi liguse mkia. Shika gamba la mgongo pale nyuma kabisa kwa mikono miwili, mkono mmoja kila upande wa mkia, inua sehemu ya nyuma kidogo tu, umvute kinyumenyume mpaka miguu yote minne iwe juu ya kapeti. Zungusha kapeti hadi mkia uelekee upande aliokuwa anaenda. Sasa shika pembe mbili za kapeti zilizo upande wa mkia, uvute ukirudi nyuma, macho yakiwa barabarani. Kobe anakuwa amekupa mgongo muda wote. Ukivuka ukingo wa barabara, ongeza hatua kama kumi, mgeuze aitazame nyika, kisha ondoka. Ukimwacha anatazama lami, atarudi barabarani kabla hujafunga mlango wa gari.

Mpeleke upande ule ule aliokuwa anaelekea, hata kama nyuma yake ndiko kuna bwawa zuri. Ukimrudisha, atavuka tena. Ukimbeba kwenye gari kumpeleka ziwa jingine, atatangatanga na kukutana na barabara nyingi zaidi kuliko hii moja. Na ukimkuta jike tayari anachimba au anataga kwenye kokoto, usimguse. Simama mbali, mwache amalize. Humchukua saa kadhaa.

Beleshi la theluji la plastiki, lenye uso mpana wa sentimita 45 hadi 60, ndilo la pili. Faida yake ni mpini: mtu mwenye woga, au mwenye mgongo mbovu, anakaa mbali na mdomo. Ingiza uso wa beleshi chini ya kobe kwa nyuma, taratibu, mpaka tumbo lote limekaa, kisha lisukume au livute chini kama kigari cha kuteleza juu ya theluji. Usilinyanyue hewani. Kosa kubwa la watu ni hilo. Kobe wa kilo 10 hukunja plastiki, beleshi huinama upande, naye anaanguka kwa gamba; gamba ni mfupa hai wenye damu na neva, likipasuka linauma na linaoza. Yenye ukingo wa chuma yaache kabisa, hukwaruza tumbo. Jingine la kujua: mwezi Juni maduka mengi yameshayaondoa rafuni, kwa hiyo linunuliwe majira ya baridi yakiisha, wakati bei pia imeshuka.

Glavu za ngozi, hata zile nene za mafundi wa kuchomelea, hatuzipendekezi kama kifaa kikuu. Zinampa mtu ujasiri wa kushika mahali pasipofaa. Kobe huyu hana meno. Ana mdomo wenye makali kama wa ndege, na akibana juu ya ngozi nene kidole bado kinapondeka ndani. Tena glavu nene huteleza kwenye gamba lenye maji na ukoga, ukamwangusha. Glavu nyembamba za mpira zina kazi nyingine: kobe hubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo ukimaliza, uwe umezivaa au hukuzivaa, osha mikono kwa sabuni.

Mkia si mpini. Umeungana na uti wa mgongo, na kumning'iniza kobe kwa mkia huachanisha pingili. Kijiti cha kumng'atisha ili umburute nacho pia kinaumiza taya na shingo.

Kizibao cha reflekta hakihitaji maelezo marefu: kivae. Anayekuhatarisha zaidi hapo barabarani ni dereva anayetazama simu.

Kifaa cha mwisho kinakaa kwenye buti ya gari na huenda kisitumike mwaka mzima: kontena la plastiki la lita 60 hadi 70 lenye mfuniko. Ni la kumbebea kobe aliyegongwa hadi kwa wanaotibu kobe. Toboa matundu ya hewa kwenye mfuniko kabla ya msimu, si siku ya ajali, na uwe na kamba ya kuufunga, kwa kuwa kobe mng'ataji ana nguvu za kuufungua kwa mgongo. Usimwekee maji, anaweza kuzama akiwa dhaifu, wala chakula. Hata anayeonekana amekufa mpeleke, maana moyo wake hupiga polepole mno, na jike aliyekufa anaweza kuwa na mayai 20 hadi 40 yanayookolewa. Kaskazini huko jike huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kutaga mara ya kwanza, na mayai mengi huliwa na rakuni na mbweha, hivyo jike mmoja aliyekomaa hana mbadala wa haraka. Ontario Turtle Conservation Centre, karibu na Peterborough, ni hospitali ya kobe: huunganisha magamba yaliyopasuka na kuatamisha mayai ya majike waliogongwa.

Ndani ya kontena hilo weka kalamu ya kuzuia maji. Andika juu ya mfuniko jina la barabara, makutano ya karibu na upande aliokuwa anaelekea kobe, kwa sababu akipona lazima arudishwe jirani na pale pale alipookotwa.