Alizeti au samli?

Kutoka Dodoma kwenda Singida, chupa na madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara hadi unachoka kuyaona. Samli lazima uitafute kwa wafugaji, na bei yake si ya kila siku.

Kwa afya ya moyo, alizeti inashinda. Takribani asilimia 11 tu ya mafuta yake ni ya ile aina inayoganda na kupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Kwenye samli aina hiyo ni kama asilimia 60. Ila samli inavumilia moto. Alizeti ikichemshwa jana, leo na kesho kwenye karai lile lile la chipsi, huharibika na kuzaa kemikali zenye madhara. Ukiona mafuta meusi, pita tu. Chipsi utazikuta kwingine.

“Mbona babu alikula samli?” Alikula, tena kidogo, kwa ugali wa uwele na mlenda, kisha akachunga ng'ombe kutwa. Sisi hata soko la Majengo tunakwenda kwa bodaboda.

Kwangu ni alizeti kwenye mboga, samli wakija wageni, na zote kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja cha alizeti kina kalori kama 120, na samli haiko mbali.