Digitalarkivet ya Norwei: ni bure, ila usiingie mikono mitupu

Mimi wa Iringa, nimeolewa Minnesota, Marekani, na ukoo wa mume wangu naujua kuliko anavyoujua mwenyewe. Huku wazee wenye asili ya Norwei wamejaa. Ukiwauliza babu alitoka wapi hasa, jibu ni "Norwei", basi.

Digitalarkivet ni tovuti ya Idara ya Nyaraka za Taifa ya Norwei, unakotafuta kumbukumbu za wazee wa zamani. Hulipi kitu, kutafuta hakuhitaji kujisajili, na wasiojua Kinorwei wana Kiingereza. Sasa mtu anaingia kichwakichwa, anaandika jina, wanamjia kina Ole wa nchi nzima. Zamani Ole mtoto wa Peder aliitwa Ole Pedersen, dada yake Pedersdatter, na juu yake wakabeba jina la shamba walilokaa. Wakihama shamba, jina nalo linahama. Mtu akifika Marekani anachagua analotaka.

Kwa hiyo anzeni na kifo cha yule aliyehamia Marekani. Baba yake babu wa mume wangu tulimtafutia cheti kwenye Jumuiya ya Historia ya Minnesota, St. Paul. Tukapata tarehe ya kuzaliwa na jina la baba. Mahali pa kuzaliwa, Norwei tu. (Maelezo hayo hutoa mtoto au mkwe, na marehemu hawezi kumsahihisha.) Aliyetuokoa ni mchungaji. Daftari la maziko la usharika wao wa Kilutheri limeandikwa Kinorwei, na humo mchungaji aliyeandika alitaja mpaka parokia aliyobatiziwa marehemu. Tovuti moja ya kulipia, siitaji, ilikuwa imeshatuuzia ukoo wa watu wengine kabisa.

Tukiwa na parokia na tarehe, Digitalarkivet ikawa tamu. Vitabu vya kanisa vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kwa binti wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, mpangilio hauna ugeni: ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko. Kuna na orodha ya waliohama, na humo tukamkuta kijana wetu, umri wake, na anakokwenda: Amerika. Usipomwona mtu wako humo usikate tamaa, wengi waliondoka bila kumuaga mchungaji. Jaribu daftari za polisi za wasafiri. Za Kristiania, yaani Oslo ya leo, zinaanzia 1867.

Kinachochosha ni mwandiko. Ni ule wa kigothi, herufi e imefanana na n, na kurasa nyingi hakuna aliyezinakili kwa chapa, kwa hiyo unafunua moja moja mpaka macho yaume. Zile zilizonakiliwa, weka kinyota badala ya herufi usiyo na uhakika nayo: P*der* inakuletea Peder na Pedersen kwa pamoja.

Wazazi wa kijana wetu tuliwaona kwenye kurasa za maziko: siku ya kufa, siku ya kuzikwa, umri, shamba. Mama mkwe akataka kukata tiketi akaweke maua. Ikabidi nimweleze kwamba kule kaburi hulindwa miaka 20 hivi, kisha familia isipolipia, anaweza kuzikwa mwingine mahali palepale. Kwetu Iringa jambo hilo lingeitisha kikao cha ukoo. Alinuna, halafu akasema ataenda kuliona kanisa.

Nyota nne kati ya tano. Na kila ukurasa una kiungo chake cha kudumu. Kinakili hapohapo, maana kuutafuta upya ni kazi ya usiku mzima.