NAS ya diski mbili baada ya miaka miwili: faili zinafunguka, ukurasa hauitiki

Kwa kutunza faili, NAS hii (kisanduku cha kuhifadhi faili kwenye mtandao wa ndani) naipa nyota nne. Kwa ukurasa wake wa usimamizi naipa mbili, na hiyo ya pili ni ya huruma.

Ni kisanduku cha diski mbili, RAM ya GB 1, tundu moja la mtandao la gigabiti, ndani mna diski mbili za TB 4 zilizopangwa RAID 1, yaani kila moja ni nakala ya mwenzake. Kusoma faili kubwa kwa waya hufika MB 110 kwa sekunde, na kwa vitendo huo ndio ukingo wa gigabiti, kwa hiyo upande huo sina neno. Kampuni siitaji, maana maradhi haya utayakuta kwenye NAS nyingi za bei hii zinazoendeshwa na Linux.

Dalili ni hii: folda zinafunguka kwenye kompyuta kama kawaida, video inacheza kwenye televisheni, lakini ukifungua ukurasa wa usimamizi unakutana na moja kati ya mambo matatu. Ama duara linazunguka bila kikomo, ama ukurasa mweupe, ama unaweka nenosiri, linakubaliwa, halafu unarudishwa palepale pa kuingilia. Haya si ugonjwa mmoja. La kwanza mara nyingi ni diski au RAM, la pili ni kivinjari, la tatu ni patisheni ya mfumo (sehemu ndogo ya diski inayobeba mfumo wenyewe) iliyojaa. Anayekimbilia kuchomoa waya wa umeme anafuta ushahidi wote, na akibahatika vibaya anajiongezea kazi ya RAID.

Kwa nini faili zipite na ukurasa ukwame? Samba, inayogawa folda, imeshapakiwa kwenye kumbukumbu na haihitaji mengi. Ukurasa, kila unapoingia, lazima uandike faili ya kikao, usome hifadhidata na uamshe programu ndogo ndogo kadhaa. Pakikosekana nafasi ya kuandika hata kilobaiti chache, unaanguka wa kwanza.

Anza nje, kwenye mtandao. Tuma ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama kipo, kwa anwani ya kifaa. Kama hakijibu, ingia kwenye ruta utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa: anwani ya IP huenda imebadilika baada ya ruta kuzimwa. Linganisha MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) iliyoandikwa kwenye kibandiko cha NAS na ile unayoiona kwa amri ya arp -a. Zikitofautiana, kuna kifaa kingine kimekalia anwani hiyo. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake NAS iliomba anwani na haikupewa. Dawa ya kudumu ni kuitengea IP yake ndani ya ruta, kazi ya dakika mbili.

Ping ikijibu, usirudi kwenye kivinjari bado. Tumia curl, programu ya kuomba ukurasa kwa mstari wa amri, ukiweka anwani na poti (namba ya mlango wa huduma) ya kifaa chako:

curl -vkI --max-time 20 https://192.168.1.50:POTI

Ukiambiwa papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, huduma ya wavuti haiko hewani. Ukiunganishwa kisha kimya mpaka sekunde 20 ziishe, huduma ipo ila imekwama ikisubiri kitu. Jibu lenye namba 200 au 302 lina maana huduma ya wavuti inajibu, na mara nyingi mgonjwa ni kivinjari: fungua dirisha la faragha, zima kizuia matangazo, hakikisha hujaandika http mahali panapotaka https. Ukurasa mweupe mara tu baada ya kusasisha mfumo karibu kila mara ni faili za zamani zilizobaki kwenye akiba ya kivinjari.

Mtego mmoja wa mtandao unapoteza watu siku nzima, nao ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) ya 9000. Ukiiweka kwenye kompyuta na kwenye NAS, huku swichi ya katikati haikubali fremu kubwa, ping ya kawaida hupita kwa kuwa ni pakiti ndogo, lakini ukurasa hugandia katikati. Pima kwa ping -f -l 1472 kwenye Windows, au ping -M do -s 1472 kwenye Linux. Namba 1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa unapata 1500. Hiyo ikipita na 8972 isipite, rudisha MTU 1500 pande zote. Kwa nyumba yenye gigabiti moja, faida ya fremu kubwa hata haionekani.

Sasa ndani. Hapa ndipo kifaa kilipopoteza nyota: SSH, njia ya kuingia ndani ya kifaa kwa mstari wa amri, huja imezimwa, na swichi ya kuiwasha iko ndani ya ukurasa uleule usiofunguka. Iwashe leo, kifaa kikiwa kizima, kwa mtandao wa ndani tu, na usiifungulie poti kwenye ruta.

Ukishaingia, amri ya kwanza ni df -h, ya pili df -i. Tazama mstari wa / peke yake, ndio patisheni ya mfumo. Diski kubwa ya data inaweza kuwa na TB 2 wazi huku patisheni ya mfumo, yenye GB chache tu, imefika asilimia 100. Amri ya pili inahesabu inodi (kila faili hutumia moja, na idadi yake ina kikomo), kwani nafasi inaweza kuwepo na inodi zikawa zimeisha kwa sababu ya maelfu ya vijifaili. Kisha tafuta mlaji:

sudo du -xh / | sort -h | tail -20

Mara nyingi ni logi iliyovimba ndani ya /var/log. Usiifute kwa rm. Huduma inayoiandika bado imeishikilia, kwa hiyo jina litaondoka na nafasi haitarudi hadi huduma izimwe. Imwage yaliyomo badala yake: sudo sh -c ': > /var/log/jina.log'.

Mlaji wa pili ni mjanja zaidi. Kazi ya bakapu iliyoelekezwa kwenye diski ya USB huendelea hata diski ikichomolewa, kwa kuwa folda yake bado ipo, tupu, juu ya patisheni ya mfumo. Data inamiminika humo. Ukirudisha diski ya USB, inayafunika mafaili hayo na du haiyaoni tena. Iondoe USB kwanza ndipo utafute.

Nafasi ikipatikana, washa upya huduma ya wavuti peke yake. Kwenye vifaa vinavyotumia systemd (msimamizi wa huduma za Linux), systemctl list-units itakupa jina lake, nyingi ni nginx au apache.

Kama / ina nafasi ya kutosha, andika uptime na top, amri zinazoonyesha mzigo wa kifaa. Mzigo wa 15 wakati prosesa inapumzika si muujiza: Linux huhesabu pia programu zinazosubiri diski, zile zenye herufi D. Hapo shuku diski. Angalia cat /proc/mdstat. [UU] ni salama, [U_] maana yake diski moja imetoka kundini, na kazi yako ya kwanza inakuwa kunakili data mahali pengine, ukurasa utasubiri. Halafu soma hali ya kila diski kwa smartctl -A (majina ya diski yamo ndani ya /proc/partitions). Mistari ya kutazama ni 5, 197 na 198. Namba 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna sekta diski inashindwa kuzisoma. Namba 199 ikipanda, lawama kwanza ni ya kebo au tundu.

Diski za kompyuta za kawaida zinatesa zaidi hapa. Zikigonga sekta mbovu, zinaweza kung'ang'ana nayo kwa dakika nzima au zaidi, na kila kitu kinasimama foleni nyuma yake. Diski za NAS hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kuiachia RAID isome nakala. Amri ya smartctl -l scterc itaonyesha 70, yaani sekunde 7.0, au itakuambia kipengele hicho hakipo. Kuokoa pesa kwenye diski ni uchumi wa siku chache.

Diski zikiwa safi, inabaki RAM. GB 1 inatosha kugawa faili, haitoshi kugawa faili na kutengeneza vijipicha vya picha 20,000 kwa wakati mmoja. Andika free -m. Swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ikiwa imejaa, sitisha programu ya picha na utambuzi wa nyuso, au ipangie usiku. Ukaguzi wa RAID nao hubana: TB 4 kwa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7. Unaweza kuupunguza mwendo kwa kuandika 30000 ndani ya /proc/sys/dev/raid/speed_limit_max, na utachukua muda mrefu zaidi huku ukurasa ukipumua.

Kama SSH pia haiingii, bonyeza kitufe cha umeme sekunde chache hadi kilie au taa ianze kumeta, uachie, kisha subiri hata dakika 10. Kushikilia hadi kizime kwa nguvu ni hatua ya mwisho. Kitundu cha kuweka upya kipo nyuma, lakini soma mwongozo wa kifaa chako kabla ya kuingiza pini: kwenye vingi, mbonyezo mfupi hurudisha nenosiri na mtandao tu, mrefu huenda hadi mipangilio mingine, na tofauti ni sekunde chache.

Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika, bei ya NAS ihesabu na UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB unaoiamuru izime yenyewe. Toleo la RAM GB 4 linazidi bei kidogo, ningelichukua hilo. Hili la GB 1 linamfaa anayetaka folda za pamoja na bakapu, bila programu ya picha.