Royal Canin Urinary S/O kwa paka dume mwenye chembe kwenye mkojo: uzoefu wangu

Paka wangu Doto anakula chakula hiki kwa zaidi ya mwaka sasa, na sina mpango wa kumwachisha. Ni dume aliyehasiwa, mnene kidogo, hatoki nje: hao ndio hasa wanaoandamwa na maradhi ya njia ya mkojo. Alikuwa akichuchumaa kwenye trei yake ya kujisaidia mara kwa mara, anatoa matone tu, mengine yana damu. Daktari wa mifugo aliutazama mkojo kwa darubini akakuta chembe za struvaiti, yaani magnesiamu, amonia na fosfeti zilizogandamana.

Kabla sijaendelea: dume akikazana na mkojo usitoke kabisa, chakula hakitamsaidia. Mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo. Mrija wake ni mwembamba, na ukiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Doto alikuwa bado anapitisha, ndiyo maana tiba ya chakula ikawezekana.

Struvaiti huyeyuka mkojo ukiwa na asidi ya kutosha na ukiwa mwepesi. Chakula hiki kinafanya yote mawili. Hata chumvi yake imeongezwa kidogo ili paka anywe maji zaidi. Lakini mawe ya oksaleti, ambayo ni aina nyingine ya mawe ya mkojo, hayayeyushwi na chakula chochote, kwa hiyo pima kwanza, usinunue kwa kukisia.

Cha kavu alikipenda tangu mwanzo. Hata hivyo, kwa maoni yangu thamani yenyewe iko kwenye kile laini, cha pakiti za gramu 85. Chakula kikavu kina maji karibu sehemu moja tu ya kumi. Kile laini ni maji kwa zaidi ya robo tatu. Paka kwa asili hanywi sana, maji mengi huyapata kwenye windo lake, na kwa joto hili la Mombasa bakuli la maji peke yake halitoshi. Tangu nianze kumpa kile laini, mkojo umekuwa mwingi na rangi yake imepauka. Kwa sababu ya gharama, asubuhi anapata laini, usiku kavu niliyoilowesha maji.

Kazi kubwa ilikuwa dagaa. Chakula hiki hutakiwa kuliwa peke yake, na dagaa na mifupa yake ni fosforasi tupu, ndiyo inayozaa ile fosfeti ya kwenye chembe. Mama mkwe wangu ana huruma nyingi na paka, haachi kumdondoshea vichwa chini ya meza. Nilimwambia, "Mama, hivyo vichwa ndivyo vinavyomrudishia damu." Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi, anawakemea hata wajukuu.

Paka wangu wa pili, jike anayenyonyesha, hula chumba kingine, maana chakula hiki hakiwafai wanaonyonyesha, wenye mimba, watoto, wala wenye ugonjwa wa figo au moyo.

Vyakula vya tiba vyote ni ghali kuliko vya kawaida, na maduka huishiwa bila taarifa, kwa hiyo mimi hununua mfuko mwingine kabla wa kwanza haujafika nusu. Ukianza, kichanganye na chakula cha zamani kwa wiki moja hivi, ukiongeza kidogo kidogo, tumbo lisichafuke. Mkojo wa Doto ulipopimwa tena haukuwa na chembe hata moja, na daktari amesema tuendelee hivi hivi, na kipimo kirudiwe kila baada ya miezi michache.