His House: hawa hata ukiwapigia kelele wahame, waende wapi?

Mimi muvi za kutisha nameza zote, za mizimu, mazombi, vichaa wa mapanga, lete tu. Ila ugomvi wangu nazo ni uleule miaka yote: kuta zinagonga usiku, mtoto anaongea na kabati, na familia bado imeng'ang'ania humohumo ndani. Si muhame jamani! Ndo maana His House ya Remi Weekes (2020, ipo Netflix) naiweka juu sana, huyu jamaa kaliziba hilo shimo mapema kabisa.

Bol na mkewe Rial wamekimbia vita Sudan Kusini, boti imewatosa baharini, binti yao Nyagak kafia huko. Uingereza wanapewa nyumba chakavu na masharti kibao, marufuku kufanya kazi, marufuku kuhamia kwingine, na mkizingua kesi yenu ya ukimbizi ndo imeota mbawa. Sasa humo ukutani kuna kitu. Utamshtakia nani? Bol anaenda kuomba nyumba nyingine anasingizia panya, maana ukimwambia afisa wa kizungu kuna mchawi ukutani si utarudishwa na ndege ya kwanza.

Rial yeye anakijua hicho kitu, ni apeth, mchawi wa usiku, anafuata mtu mwenye deni. Na mkewe anapoamini, mume anakazana kuwa Mwingereza, anataka wale mezani kwa uma, Rial anamwambia anasikia ladha ya chuma tu. Mi hapo nilicheka halafu nikanyamaza.

Kuna sini Bol anakula mwenyewe mezani, kamera inarudi nyuma pole pole, jiko linaisha, kumbe kakaa katikati ya bahari usiku na maji yamejaa watu. Hiyo moja inashinda sijui muvi ngapi za kukustua na makelele ya ghafla.

Wunmi Mosaku (Rial) kaua, uso wake tu unatosha, Sope Dirisu naye hayuko mbali. Wote wana asili ya Nigeria, so mtu wa Juba anaweza kuwa na neno kuhusu lafudhi, sitabisha.

Kilichoniudhi ni mwishoni wanapomtoa yule apeth nje tumuone mzima mzima, aisee alikuwa anatisha zaidi akiwa nyuma ya ukuta. Afu taa zinazimika zimika mno katikati, tumeelewa bana.

Kuhusu Nyagak kuna siri inafumuka karibu na mwisho, siisemi, ila baada ya hapo utaanza kumwangalia Bol vingine kabisa na hata yule mchawi utamuona ana hoja. Nawapa 8 kwa 10. Ni saa moja na nusu tu, vaa hedifoni maana vitu vingi vinanong'onwa ndani ya kuta, na kama we ni mtu wa damu na mapanga hii ipite tu.